Somo la Historia: Peni Moja ya Mfanyakazi

   Maneno haya ni yale yale yaliyosemwa katika redio. Tumeyachapa ili uyafuate kwa macho, na kesho uyarudie polepole.

Kabla ya kuanza, tujifunze maneno matano. Mwalimu wa darasa na ayaandike ubaoni.

Kodi: fedha ambayo raia hulipa kwa Serikali.
Ruzuku: fedha ambayo Serikali humpa mtu au chuo kwa kazi maalumu, wala haidai irudishwe kama mkopo.
Uchunguzi: kazi ya kutafuta ukweli ambao bado haujajulikana. Siku hizi watu wengi husema utafiti.
Maabara: chumba cha wataalamu cha kupimia na kujaribu mambo.
Kirusi: kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho wala kwa darubini ya kawaida. Wakiwa wengi huitwa virusi.

Haya, tuanze.

SWALI LA MAMA MMOJA

Katika darasa moja nililolitembelea, tulizungumza juu ya kodi. Nilieleza kwamba kodi hujenga barabara, hulipa walimu, hununua dawa. Kisha nikasema kwamba sehemu yake hupelekwa chuo kikuu, wasomi wafanye uchunguzi. Mama mmoja, muuza maandazi, akainua mkono. Akasema, "Bwana, barabara naiona. Mwalimu namwona. Huyo msomi anayepewa fedha zetu akatafute kitu ambacho pengine hakipo, mimi nitamwona wapi?"

Darasa zima likacheka, lakini mimi sikucheka. Lile lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule, na siku ile sikuwa na jibu la kutosha. Nilisema maneno mawili matatu kisha kengele ikalia. Somo la leo ni jibu langu kwa mama yule, na kwako wewe pia.

Nitakueleza historia moja ya kweli. Inaanzia Uingereza, inafika Kampala, inazunguka nchi zetu za Afrika Mashariki, inakwenda London, kisha inarudi Uganda. Katika safari hiyo yote fuata kitu kimoja tu: fedha. Kila tutakapotua, jiuliza: fedha hii imetoka kwa nani, na ni nani aliyeamua itumikeje?

PENI MOJA

Mwaka 1911 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya bima ya wafanyakazi. Kwa sheria hiyo, mfanyakazi akiugua alipata matibabu na fedha kidogo za kumsaidia. Katika miaka ile ugonjwa uliotisha sana ulikuwa kifua kikuu. Basi wabunge wakaongeza jambo dogo katika sheria ile. Walisema: kwa kila mfanyakazi aliyeandikishwa katika bima, Serikali itenge peni moja kwa mwaka kwa ajili ya uchunguzi wa magonjwa.

Peni moja kwa mwaka! Ni kitu gani hicho? Mtu akiiangusha njiani, pengine hatarudi kuitafuta. Lakini hesabu haikuwa ya peni moja. Fedha iliyopatikana kwa mwaka ilikuwa kama pauni 57,000. Pauni ya wakati ule ilikuwa na peni 240. Chukua kalamu, uzidishe: 57,000 mara 240. Utapata 13,680,000. Yaani wafanyakazi zaidi ya milioni 13, kila mmoja na peni yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1913 iliundwa kamati ya kuitunza na kuigawa fedha hiyo. Wanakamati walipokutana walikubaliana kwamba wasifunge mlango kwa kifua kikuu peke yake. Walisema magonjwa yana undugu, na anayetafuta siri ya ugonjwa mmoja huweza kukuta siri ya mwingine. Mwaka 1920 kamati ikageuzwa kuwa baraza kamili, likaitwa Medical Research Council, maana yake Baraza la Uchunguzi wa Tiba. Likumbuke baraza hili. Tutakutana nalo tena mwisho wa somo.

NANI ACHAGUE?

Fedha ikishapatikana, swali la pili ni nani aseme itumikeje. Hapa pana ugomvi wa zamani. Mwenye fedha husema, "Fedha ni yangu, nitachagua mimi." Fundi naye husema, "Kazi naijua mimi, niachie nichague." Nani ana haki?

Mwaka 1918 kamati moja ya Serikali ya Uingereza, chini ya mwenyekiti Richard Haldane, ilitoa taarifa juu ya jinsi Serikali inavyopaswa kufanya kazi zake. Katika taarifa ile kulikuwa na wazo hili: ziko shughuli za uchunguzi ambazo kila wizara huzihitaji kwa kazi zake, na hizo wizara iziamuru yenyewe. Lakini uko uchunguzi mwingine, wa faida ya watu wote, ambao haufai kukaa mkononi mwa waziri mmoja. Huo uachiwe baraza lenye wataalamu.

Sababu yake si ngumu. Waziri ana haraka. Anataka matunda kabla ya uchaguzi ujao. Mchunguzi hana hakika ya matunda. Anaweza kupanda leo, mti ukazaa baada ya miaka ishirini, au usizae kabisa. Wazo lile liliitwa baadaye kanuni ya Haldane, na mpaka leo watu hubishana juu yake. Wengine husema ni ngao ya ukweli. Wengine husema ni njia ya wasomi ya kujificha wasiulizwe. Weka mabishano hayo akilini, tuendelee.

FEDHA INAFIKA KWETU

Mwaka 1940, Uingereza ikiwa katikati ya vita, Bunge lake lilipitisha sheria ya maendeleo ya makoloni. Ndani yake ilitengwa fedha ya uchunguzi, isiyozidi pauni 500,000 kwa mwaka kwa makoloni yote. Mwaka 1945 kiasi hicho kilipandishwa kufika pauni 1,000,000.

Tusijidanganye hapa. Uamuzi wa fedha ile ulifanywa London. Mkulima wa Tabora au mvuvi wa Lamu hakuulizwa ni jambo gani lingefaa lichunguzwe kwanza, ingawa naye alikuwa akilipa kodi yake ya nyumba au ya kichwa. Hayo ni mambo ya ukoloni, na lazima tuyaseme kama yalivyokuwa.

Hata hivyo, fedha za namna hiyo zilianza kuingia katika vyuo vyetu. Chuo cha Makerere, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kilikuwa Koleji ya Chuo Kikuu mwaka 1949. Pale palikuwa na taasisi ya kuchunguza maisha ya jamii. Tangu mwaka 1950 iliongozwa na mwanamke, Bibi Audrey Richards. Yeye na wenzake walichunguza, pamoja na mengine, habari za vibarua waliotoka Rwanda na Burundi kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya Buganda. Kwa hiyo ruzuku haikuwa ya madaktari peke yao. Anayechunguza mila, ardhi au kazi za watu naye ni mchunguzi.

Hata lugha unayoisoma sasa ina habari yake. Mwaka 1930 serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ziliunda kamati ya pamoja ya kusanifisha Kiswahili. Mwaka 1964 kazi ile ikawa chini ya Koleji ya Chuo Kikuu ya Dar es Salaam. Mwaka 1981 wachunguzi wa pale walitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Ukifungua kamusi ile darasani kutafuta maana ya neno, unavuna shamba lililolimwa miaka mingi.

MTOTO WA MULAGO

Sasa tufike kwenye habari yenyewe.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mmoja jina lake Hugh Trowell alimwita mwenzake amtazame mtoto. Mwenzake huyo alikuwa daktari wa upasuaji, mtumishi wa Serikali na mwalimu katika chuo cha Makerere. Jina lake Denis Burkitt, mtu wa Ireland, mwenye jicho moja. Jicho la pili lilikuwa limepotea kwa ajali alipokuwa mtoto.

Mgonjwa alikuwa mtoto wa kiume wa kama miaka mitano. Uso wake ulikuwa umevimba vibaya. Taya ya juu ilivimba kulia na kushoto, na taya ya chini kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea. Burkitt hakuelewa. Jipu huvimba upande mmoja. Saratani, ambayo wengine huiita kansa, nayo huanza mahali pamoja. Ni ugonjwa gani huu unaotokea mahali panne kwa wakati mmoja?

Baada ya wiki chache alikwenda hospitali ya Jinja. Akiwa kazini, alitupa macho nje ya dirisha. Akamwona mtoto ameketi na mama yake, uso umevimba vile vile. Akatoka mbio kwenda kumtazama. Tena taya zote, pande zote nne. Na tumboni mwake palikuwa na uvimbe mwingine.

Angeweza kusema, "Ni bahati mbaya tu." Hakusema hivyo. Alirudi Mulago akafungua majalada ya wagonjwa wa zamani, akatafuta. Akakuta watoto wengi wa namna ile. Baadhi yao waliandikiwa ugonjwa wa taya, wengine wa tumbo, wengine wa jicho. Kila daktari alikuwa ameona kipande chake. Hakuna aliyeona kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 Burkitt aliandika habari hizo katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Wataalamu wa Makerere waliokuwa wakipima nyama za wagonjwa kwa darubini walithibitisha kwamba ni saratani moja, tena iliyowapata watoto kuliko saratani nyingine zote za pale.

Jiweke mahali pa mama yule wa Jinja. Amembeba mtoto kutoka nyumbani. Mwaka ule daktari alimfanyia nini? Kisu hakikufaa, maana huwezi kukata uso wote wa mtoto. Wengi wa watoto wale walikufa katika muda wa miezi michache.

SAFARI NDEFU

Burkitt alitaka kujua: je, ugonjwa huu uko Uganda tu, au uko kila mahali? Alipata ruzuku ndogo sana ya Serikali, ya pauni chache tu. Kwa fedha hiyo alichapa karatasi zenye picha za wagonjwa, zaidi ya elfu moja. Akazipeleka kwa posta katika hospitali za Serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza, "Je, mmeona ugonjwa huu?" Majibu yalipofika, alichukua ramani akachoma pini kila mahali ugonjwa ulipoonekana. Pini zikafanya mkanda mpana kukatiza katikati ya Afrika, na mkia ulioshuka upande wa mashariki kufuata pwani.

Kwa nini mkanda? Mwisho wake ulikuwa wapi, na ni nini kilichouzuia? Barua haziwezi kujibu swali kama hilo. Ilibidi mtu aende.

Tarehe 7 Oktoba 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala katika gari kuukuu. Walipita Kenya, Tanganyika, Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, Msumbiji, mpaka Afrika ya Kusini, kisha wakarudi. Safari ilichukua wiki kumi na maili 10,000. Walizuru hospitali 57. Gharama yote ya safari ile ilikuwa pauni 678.

Waligundua nini? Waligundua kwamba ugonjwa haukufuata kabila wala mpaka wa nchi. Ulifuata joto na mvua. Palipokuwa na milima mirefu na baridi, haukuwapo. Katika tambarare zenye joto na mvua ya kutosha, ulikuwapo. Karibu na ikweta ulipanda mlima hadi futi kama 5,000, lakini kadiri walivyokwenda kusini penye baridi, ndivyo ulivyobaki chini bondeni. Wanaojua habari za mbu walitazama ramani ile wakasema, "Hizi ni nchi za mbu." Baadaye ikaonekana kwamba mahali penye malaria nyingi ya mwaka mzima ndipo ugonjwa ulipozidi.

Angalia sasa, mwanafunzi. Daktari wa kisu ameanza. Mpimaji wa darubini amesaidia. Kisha imehitajika elimu ya ramani, ya hali ya hewa, na ya wadudu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ruzuku inayolisha elimu moja tu na kuziacha nyingine na njaa haiwezi kufika mbali.

CHUMBA CHA DARUBINI LONDON

Turudi nyuma kidogo. Mwezi wa Machi 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alikuwa London akatoa hotuba katika hospitali ya Middlesex. Kati ya wasikilizaji alikuwako kijana mmoja mtaalamu, Anthony Epstein. Aliposikia kwamba saratani hii hufuata joto na mvua, alifikiri: pengine inaletwa na kirusi. Wakati ule watu wengi hawakuamini kwamba kirusi chaweza kuleta saratani kwa binadamu.

Wakapatana. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vilipakiwa katika ndege Entebbe, vikafika London. Epstein akatazama kwa darubini kubwa ya umeme. Hakuona kitu. Akajaribu njia nyingine. Hakuona kitu. Miaka miwili ilipita hivyo.

Simama hapa kidogo. Kama wewe ungekuwa mtoa ruzuku, mtu akakuletea taarifa mwaka wa kwanza, "Sikuona kitu," na mwaka wa pili, "Sikuona kitu," ungemwongezea fedha? Epstein aliongezewa. Taasisi ya saratani ya Serikali ya Marekani ilimpa dola 45,000. Kwa fedha hiyo aliweza kuajiri wasaidizi wawili, Yvonne Barr wa Ireland na Bert Achong mzaliwa wa Trinidad.

Mwezi wa Desemba 1963 ndege yenye kipande cha uvimbe ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu. Ikatua Manchester. Mzigo ulipofika umechelewa, maji ya chupa yalikuwa meupe kama yameharibika. Mwingine angeyamwaga. Epstein akatazama tone moja kwa darubini, akaona chembe za uvimbe zinaelea, nazo ni hai. Wakazikuza. Mwezi wa Februari 1964 aliweka chembe zile chini ya darubini ya umeme, na ndani ya moja akaona virusi. Virusi hivyo vikapewa jina la Epstein na Barr. Leo yajulikana kwamba karibu kila mtu mzima duniani anavyo mwilini, na wengi havimdhuru kitu. Lakini kwa mtoto ambaye mwili wake umechoshwa na malaria mara kwa mara, vyaweza kufungua mlango wa saratani.

RUZUKU YA DAMU

Sasa nakuomba usikilize vizuri sana, maana mara nyingi vitabu huipita sehemu hii kwa haraka.

Kuona virusi ndani ya uvimbe si ushahidi kwamba ndivyo vilivyouleta. Mwizi akipigwa, na wewe ukikutwa pale, si lazima uwe ndiye mpigaji. Ilibidi kupima damu za watoto wazima, kuzihifadhi, kisha kungoja kuona ni nani atakayeugua. Kazi hiyo ilifanywa katika wilaya ya West Nile, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na shirika la uchunguzi wa saratani la Umoja wa Mataifa. Damu ilichukuliwa kwa watoto kama 42,000. Matokeo yalitangazwa mwaka 1978. Watoto waliougua baadaye walikuwa tangu awali na dalili nyingi za kirusi kile katika damu zao kuliko wenzao.

Watoto 42,000! Maana yake ni akina mama maelfu na maelfu waliokubali sindano iingie katika mikono ya watoto wao, ambao hawakuwa wagonjwa. Majina yao hayamo katika jina la ugonjwa wala la kirusi. Lakini bila wao pauni na dola zile zisingefika popote. Basi katika hesabu ya ruzuku, tusiandike fedha tu. Yuko aliyetoa peni, na yuko aliyetoa damu.

FEDHA ILIPOKATIKA

Je, watoto walipona? Ndiyo, baadhi yao. Burkitt alijaribu dawa mpya za saratani, akaona kwamba uvimbe ule huyeyuka haraka kuliko saratani nyingine. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huo kilifunguliwa Mulago, kwa ushirikiano wa Makerere, Serikali ya Uganda na ile taasisi ya saratani ya Marekani. Ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Lakini mwaka 1971 Idi Amin alitwaa utawala. Wamarekani wakaondoka, na fedha yao ikapungua. Kazi ilibaki mikononi mwa Waganda wenyewe, chini ya Daktari Charles Olweny. Aliendelea kutibu na kuchunguza katika miaka ile ya taabu, dawa zikiwa haba. Kituo hakikufungwa. Lakini somo lilikuwa chungu: anayeazima mwavuli wa jirani hulowa siku jirani anapotoka.

Nchi zetu zimeanza kujifunza somo hilo. Tanzania iliunda Tume ya Sayansi na Teknolojia kwa sheria ya mwaka 1986. Kenya ilianzisha mfuko wa taifa wa utafiti kwa sheria ya mwaka 2013. Mwaka 2019 Serikali ya Uganda ilianza kuipa Makerere fedha ya utafiti kutoka hazina yake yenyewe, shilingi za Uganda bilioni 30, kwa masomo ya kila namna: kilimo, tiba, sheria, elimu, lugha na mengine.

JIBU KWA MAMA YULE

Mama, uliuliza msomi yule utamwona wapi. Pengine hutamwona kabisa. Lakini kuna njia ya kupima kazi yake. Tazama gharama ya kuchunguza, kisha tazama gharama ya kutochunguza.

Burkitt na wenzake walitumia pauni 678 wakajua ugonjwa uko wapi. Sasa kumbuka habari nyingine ya nchi yetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Tanganyika. Wakaguzi walikuwa wameitazama nchi kwa wiki chache tu, tena sehemu kubwa kutoka ndani ya ndege. Udongo haukuchunguzwa vya kutosha, wala mvua. Wagogo wa pale waliijua mvua yao, lakini hawakuulizwa. Jua lilipowaka udongo uligeuka mgumu kama tofali. Mpango uliachwa mwaka 1951, na pauni kama milioni 36 zilikuwa zimekwisha. Pauni 678 upande mmoja, pauni milioni 36 upande wa pili. Ziandike ubaoni, uzitazame.

Sisemi kwamba kila mchunguzi apewe kila atakacho. La. Fedha ya umma ina masharti. Mwombaji aandike atafanya nini, kwa muda gani, kwa fedha kiasi gani. Wajuzi wengine wa kazi hiyo wamhukumu kabla hajapewa. Akimaliza aeleze alichokipata, hata kama ni kusema, "Nimetafuta, sikuona." Taarifa ya namna hiyo si aibu. Humwokoa anayekuja nyuma asirudie njia ile ile. Aibu ni kula fedha na kukaa kimya. Na wewe mlipa kodi una haki ya kuuliza, kama ulivyouliza darasani.

Nilikuambia ulikumbuke lile baraza lililozaliwa kwa peni moja. Mwaka 1964 Burkitt alipoacha utumishi wa Serikali kule Uganda, aliajiriwa na baraza lile lile, akaendelea na uchunguzi wake mpaka mwaka 1976. Wafanyakazi ambao peni ilihesabiwa kwa majina yao mwaka 1911 walikuwa wachimba makaa, wafuma nguo, watumishi wa nyumbani. Hawakujua Mulago ni nini. Hawakumjua mtoto wa Kampala. Walidhani fedha ile ni ya kifua kikuu cha kwao.

Hata sasa kazi haijakwisha. Dawa zipo, lakini watoto wengi bado hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, kwa sababu ya umbali, nauli, au kutojua. Wewe uliyesoma somo hili sasa unajua. Ukiona mtoto ana uvimbe wa taya au wa tumbo unaokua haraka, usingoje. Mwambie mama yake ampeleke hospitali siku ile ile. Hilo nalo ni tunda la peni moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Ruzuku na mkopo vina tofauti gani?
2. Fedha ya uchunguzi ya mwaka 1913 ilikuwa pauni 57,000. Eleza jinsi ilivyopatikana kwa peni moja moja.
3. Kwa nini barua hazikumtosha Burkitt, akalazimika kusafiri?
4. Kama ungekuwa mtoa ruzuku, ungemwongezea Epstein fedha baada ya miaka miwili ya kutoona kitu? Toa sababu zako.
5. Mpango wa karanga wa Kongwa ulikosa nini?
6. Katika kijiji au mtaa wenu, ni jambo gani mngependa wataalamu wa chuo kikuu walichunguze? Liandikeni kwa sentensi tatu, kisha mmoja alisome mbele ya wenzake.

Kwa herini mpaka somo lijalo.